Q Isiyo na U: Kibla Ilivyozaa Alama 52

Tuseme ni Jumamosi jioni Katoro, mkoani Geita, maduka ya kando ya barabara iendayo Buseresere yanafungwa. Vijana wawili wa kidato cha tatu wamekaa kwenye benchi, katikati yao ubao wa Scrabble. Anayeanza amechota kete saba: A, B, I, L, Q, R, T. Anazigeuzageuza, anaona TRIBAL, uso unamng'aa. Kete sita kwa mkupuo mmoja! Kabla hajaziweka, tumshike mkono tupige hesabu.

TRIBAL ina alama 8. Akiipanga vizuri, herufi moja itatua kwenye mraba unaozidisha herufi mara mbili, zitakuwa 9. Neno la kwanza hupita katikati ya ubao na kuhesabiwa mara mbili, kwa hiyo anapata 18. Lakini Q, yenye alama 10 peke yake, imebaki mkononi. Katika mfuko mzima wa kete 100 kuna U nne tu, na Kiingereza cha darasani kimemfundisha kwamba Q haitembei bila U. Mchezo ukiisha bado ameishika, itamkata alama.

Sasa tuangalie anayejua kutafuta anavyofanya.

Kwanza, hupanga kete kwa mfuatano wa alfabeti: A-B-I-L-Q-R-T. Herufi zikikaa zilivyochotwa, jicho hunasa kwenye neno la kwanza lililozoeleka. Zikipangwa, kundi lilelile la herufi huja na sura ileile kila siku, na mchezaji hulikariri kwa sura hiyo. Programu nyingi za simu zinazotafuta maneno hutumia mbinu hiyohiyo: kila neno huhifadhiwa chini ya herufi zake zilizopangwa. Neno tunalolitafuta limehifadhiwa chini ya ABILQ.

Pili, huanza na herufi ngumu. R na T zitapata kazi popote. Q haina pengi pa kwenda. Basi swali linakuwa dogo: bila U, Q hukaa jirani na irabu gani? Mara nyingi ni A au I, na mkononi zipo zote mbili.

Tatu, huuliza neno hilo limetoka wapi. Hapa ndipo kijana wetu wa Katoro ana mali ambayo hajaambiwa kwamba anayo. Maneno mengi ya Kiingereza yenye Q isiyo na U yametoka Kiarabu, na mengi kati ya hayo Kiswahili kiliyachukua pia. Kiarabu kina herufi qaf. Walioiandika kwa Kiingereza mara nyingi waliipa Q. Sisi, ambao alfabeti yetu haina Q wala X, tuliipa K. Kwa hiyo kadhi wetu kwao ni QADI, talaka ni TALAQ, nikabu ni NIQAB, fakiri ni FAQIR, wakfu ni WAQF. Yote yamo katika orodha ya Collins inayotumika katika mashindano ya kimataifa. Na kibla ni QIBLA.

Rudi ubaoni. Anza neno kwenye mraba wa nne wa mstari wa kati, ili A ya mwisho itue katikati kabisa, mraba wa nane. Mraba wa nne huzidisha herufi mara mbili, na iliyokaa hapo ni Q: 20. Ongeza I 1, B 3, L 1, A 1, unapata 26. Neno zima mara mbili: 52. Kete tano zimeleta karibu mara tatu ya zile sita, na mkononi zimebaki R na T, kete zisizosumbua.

Kanuni hii ya kugeuza K kuwa Q ina mipaka yake. Si kila K yetu ni qaf. Kitabu na mubaraka zina kaf, na mtoto aliyesoma madrasa hutofautisha sauti hizo mbili tangu juzuu ya kwanza. Tena neno linaweza kupita njia nyingine: kahawa ina qaf kwa Kiarabu, lakini ilifika Uingereza kupitia Kituruki ikawa COFFEE. Kanuni hukupa neno la kujaribu. Orodha ndiyo huamua. Neno lisilokubalika likipingwa huondolewa ubaoni, na zamu yako imekwenda.

Thamani ya neno fupi lililokaa mahali pake imekwisha kuthibitishwa na Mwafrika. Mwaka 2015, mjini Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria alimshinda Lewis Mackay wa Uingereza 4–0 katika fainali, akawa bingwa wa kwanza wa dunia kutoka Afrika. Wanigeria walikuwa wamejifunza kuthamini maneno ya herufi nne na tano hata pale refu lilipopatikana. QIBLA ni ya mkondo huohuo.

Wachimbaji wa Geita wanayajua marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa. Mmoja huuacha akidhani umekwisha, mwenzake huuchenjua upya na kuondoka na dhahabu. Wanafunzi wetu wengi wakiingia kidato cha kwanza, masomo yakigeuka Kiingereza, hukiacha Kiswahili hivyo hivyo, kana kwamba kimemaliza kazi yake. Nasema hakijamaliza. Wala si lazima mtu awe Muislamu ndipo ajue kibla na talaka. Ni maneno ya mtaani, ya redioni, ya barazani.

Kwa hiyo kijana huyo akichota kesho W, A, Q na F, asizirudishe mfukoni kwa hofu. Azitamke polepole, kwa lugha ya nyumbani.