Sura za Kuazima: Maadili ya Spraiti katika Vibonzo vya Mashabiki

Je, msanii anayetunga kisa kipya kwa kutumia sura zilizochorwa na mwingine ni mbunifu au mwizi? Swali hili linatukabili tunapotazama filamu za vibonzo ambazo mashabiki wa michezo ya kompyuta huzitunga kwa spraiti, yaani vijipicha vya nukta vinavyomwonyesha mhusika akitembea, akiruka au akianguka. Shabiki huvitoa mchezoni, akavipanga upya na kuvitungia hadithi yake.

Mfano mashuhuri ni Super Mario Bros. Z, iliyoanza kutolewa mwaka 2006. Humo Mario wa Nintendo anakutana na Sonic wa Sega, mwaka mmoja kabla ya kampuni hizo kuwakutanisha katika mchezo rasmi wa 2007. Kimaudhui, ubunifu ni wa shabiki: wahusika wa kuchekesha wanatiwa katika vita vizito dhidi ya Mecha Sonic. Kifani, hata hivyo, Mario huyo ametolewa katika Mario & Luigi: Superstar Saga, mchezo wa 2003. Mwaka 2015, mtunzi alipokuwa akichangisha fedha za toleo jipya kupitia Patreon, ukurasa wake ulifungwa kufuatia dai la Nintendo.

Kisheria, ugomvi huu una pande mbili tu: mwenye hakimiliki na shabiki. Kimaadili, tunashikilia kwamba yupo wa tatu, naye ni mchoraji. Superstar Saga ilitengenezwa na studio ya AlphaDream, ambayo ilifilisika mwaka 2019. Studio imetoweka ilhali hakimiliki imebaki. Kwa hiyo deni la shabiki kwa mkono uliochora halifutiki kampuni inaponyamaza, wala halilipwi kampuni inaporidhika.

Ushairi wa pwani unatupa kipimo. Katika takhmisi, mshairi huongeza mishororo mitatu juu ya miwili ya mtangulizi wake, ubeti ukatimia mitano. Kazi ya awali haifichwi. Kinachopimwa ni uwezo wa mishororo mipya kusimama kando ya ile ya kale. Ulinganisho huu una mpaka wake, kwani mtunzi wa takhmisi aghalabu humjua anayemwazima, ilhali mchoraji wa spraiti amefunikwa na nembo ya kampuni. Lakini tofauti hiyo haimpunguzii shabiki wajibu. Inamwongezea kazi ya kutafuta jina na kulitaja.

Fauka ya hayo, zipo spraiti ambazo hazikutoka mchezoni kamwe. Zimechorwa na shabiki, nukta kwa nukta, bila ujira. Anayezichukua bila idhini, akabadilisha rangi na kujitangaza mwenyewe kuwa mchoraji, anamdhulumu mnyonge mwenzake. Kampuni kubwa ina mawakili. Shabiki huyu hana ila jina lake, nalo ndilo linaloibwa. Ajabu ni kwamba wapo wanaolaani ukali wa kampuni huku wakiutetea wizi huu.

Kwa kuhitimisha, kuazima sura si dhambi ya kifasihi. Mhakiki hana budi kuuliza mambo mawili: sura hiyo imepewa maisha gani mapya, na je, aliyeichora ametajwa? Kazi inayolijibu swali la kwanza kwa ufasaha na kulikwepa la pili ni sanaa nzuri yenye deni. Tusiisifu bila kulitaja deni hilo.