Fundi wa Upepo pale Mombo

Pale Mombo, njia ya Lushoto inapoiacha barabara kuu na kuanza kupanda mlima, mafundi pancha huanza kazi mapema. Madereva wa bodaboda wanaoijua kazi yao huwafikia kabla jua halijachoma lami, kwa sababu upepo hupimwa tairi likiwa la baridi. Pikipiki ikishakimbia, hewa ya ndani hupata moto na geji husoma zaidi: kila nyuzi 7 hivi za joto huongeza karibu psi 1. Anayepima saa saba mchana, akakuta 35 na kupunguza hadi 32, kesho alfajiri ataondoka na upepo pungufu huku akiamini yuko sawa.

Namba zenyewe si siri. Kwa pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zinazobeba abiria huku kwetu, utasikia psi 25 mbele, 28 nyuma dereva akiwa peke yake, 32 akiwa amepakia. Kuzikariri ni kazi ya dakika moja. Ninachokistahi kwa fundi mzuri ni kwamba anauliza kabla hajagusa pampu. "Leo unapandisha nini, mdogo wangu?" Jibu likiwa abiria mmoja, tairi la nyuma linapata 32. Likiwa ni mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, anatikisa kichwa, kisha anainama na kuonyesha maandishi ubavuni mwa tairi. Tairi la 3.00-17 lenye alama ya 50P limetengenezwa kubeba kilo 190 basi, na hapo uzito wa pikipiki yenyewe unaoangukia nyuma umeshahesabiwa. Hakuna upepo unaoliongezea tairi nguvu ambayo kiwanda hakikuipa. Kuna wanaojaza hadi 40 wakidhani wameupatia mzigo dawa; tairi linakuwa gumu, linagusa barabara kwa ukanda mwembamba wa katikati, na kwenye kona zenye unyevunyevu za kushuka kutoka Lushoto breki hazina pa kushikia.

Njia hiyo ina jambo moja ambalo hunifurahisha kila nikilifikiria. Kutoka Mombo hadi Lushoto unapanda karibu mita 1,000. Hewa ya nje inakuwa nyepesi, na kwa sababu geji hupima tofauti ya ndani na nje, mwinuko peke yake ungepandisha kipimo kwa psi 1 na nusu hivi. Lakini juu kuna baridi, na baridi inakishusha kwa kiasi kinachokaribia hichohicho. Ndiyo maana aliyejaza sawasawa bondeni akilala Lushoto na kupima asubuhi, hukuta namba ileile au karibu yake. Milima ya Usambara imemsawazishia.

Sasa mtazame fundi akirudisha mpira wa ndani baada ya kuziba pancha. Kwanza anautia upepo kidogo sana, ushike umbo tu, usije ukajikunja au ukabanwa na chuma cha kupachulia. Anaupangusa mchanga kwa kiganja, halafu anapitisha kiganja hichohicho ndani ya tairi, taratibu, mzunguko mzima, akitafuta ncha ya mwiba iliyobaki. Akishafunga anajaza, anautoa upepo wote, anajaza tena. Wasiojua huona anapoteza muda. Ule mjazo wa kwanza huacha mikunjo. Mpira ukishapumua hujilaza vizuri, na mjazo wa pili huukuta umenyooka. Kisha anazungusha gurudumu akiangalia mstari mwembamba ulio kwenye tairi karibu na rimu. Ukipotea mahali, tairi halijakaa, na anaanza upya bila kulalamika. Mwisho mate kidogo kwenye mdomo wa valvu: povu likitokea, upepo unavuja.

Tena fundi hamalizi kazi bila kusoma tairi lililokwisha tumika. Meno yaliyolika pembeni na kubaki katikati yanasema mwenyewe amekuwa akiendesha na upepo mdogo; yaliyolika katikati, upepo mwingi. Ila dalili anayoitafuta kwa bidii zaidi ni valvu iliyolala. Upepo ukipungua, tairi huteleza kwenye rimu kila dereva anapofunga breki au kuvuta mafuta, likiuburuta mpira wa ndani, na shina la valvu linainama siku baada ya siku. Kwa hiyo nati ya valvu haikazi hadi kwenye rimu. Anaiacha juu, karibu na kifuniko, shina lipate kuinama na mwenye macho aone mapema. Likiachwa mpaka likachanika kwenye kitako chake, kiraka hakishiki pale, na mpira mzima unatupwa.