Anachukuliwa na Nani? Kauli ya Kutendwa katika Uhakiki wa Wahusika

Mpenzi msomaji, bila shaka umewahi kukumbana na sentensi ya aina hii katika majibu ya watahiniwa wa Karatasi ya Tatu: 'Maimuna anachukuliwa kama mwanamke aliyepotoka.' Ukiipima kwa mizani ya upatanisho wa kisarufi, sentensi hii haina dosari kubwa. Mwalimu huweka alama ya vyema na kupita. Hata hivyo, uliza swali moja tu: anachukuliwa na nani? Na msimulizi? Na jirani zake? Na babake? Au na mtahiniwa mwenyewe? Sentensi imenyamaza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ukimya huo unamnyima mtahiniwa hoja nzito kuliko aliyoiandika, na kwamba mara nyingi unamfanya aidhinishe hukumu ambayo mwandishi wa kitabu anaipinga.

Kwanza, tutazame muundo huu unatoka wapi. Mwanafunzi wa Kenya husoma fasihi kwa lugha mbili, na miundo huhama naye kutoka somo moja hadi jingine. Kiingereza kina kundi la vitenzi vinavyoeleza jinsi mtu anavyoonwa, anavyodhaniwa au anavyosifika. Mifano ni 'regard', 'consider', 'see', 'think', 'say' na 'know'. Aghalabu vitenzi hivi hutumiwa katika kauli ya kutendwa, na kila kimoja kina utaratibu wake. 'Regard' hudai kifuatwe na 'as', ilhali 'consider' si lazima. 'Say' na 'think' hufuatwa na 'to be'. 'Know' nacho hubadilisha maana kulingana na neno linalokifuata. Kikiandamana na 'as', tunapata jina au cheo anachoitwa mtu. Kikiandamana na 'for', tunapata jambo lililompa sifa. Kikiandamana na 'to', mara nyingi tunapata wale wanaomjua. Isitoshe, vipo vitenzi kama 'rumoured' na 'reputed', ambavyo katika Kiingereza cha leo havitumiki tena katika kauli ya kutenda kwa maana hiyo. Uvumi upo, lakini mvumishaji hatajwi.

Nguvu ya muundo huu ni kwamba humruhusu msemaji kumwacha nje mwenye maoni. Maoni ya watu wachache huvaa vazi la ukweli wa watu wote. Waandishi mahiri wa Kiingereza walilijua jambo hili zamani, wakaligeuza kuwa mbinu ya sanaa. Mfano ulio wazi ni riwaya ya Jane Austen, Pride and Prejudice, iliyochapishwa mwaka wa 1813. Bwana Darcy anapoingia katika dansi ya mjini Meryton, habari za utajiri wake zinaenea ukumbini kwa muda wa dakika tano hivi. Kwa takriban nusu ya jioni anatazamwa kwa kustahiwa. Kisha anakataa kujulishwa kwa wasichana wa pale, na papo hapo anagunduliwa kuwa mwenye majivuno. Msimulizi anayasema haya kwa vitenzi vya kutendwa. Hasemi ni nani aliyetazama wala ni nani aliyegundua.

Ukisoma harakaharaka utaamini kwamba msimulizi mwenyewe amekwisha kumhukumu Darcy. La hasha! Wanaomhukumu ni majirani wa pale, na hukumu yao inabadilika usiku mmoja kama upepo. Baadaye, Elizabeth anapozuru nyumba ya Darcy huko Pemberley, anakutana na Bi. Reynolds, msimamizi wa nyumba hiyo, aliyemjua Darcy tangu akiwa mtoto wa miaka minne. Mama huyu anasema hajawahi kusikia neno la ukali kutoka kwa bwana wake. Hapa mwenye maoni ametajwa: tunajua ni nani, amemjua Darcy kwa muda gani na kwa njia gani. Kweli, Darcy si malaika, naye hatimaye anakiri kuwa alilelewa katika kiburi. Hata hivyo, msomaji amefunzwa kutenganisha sifa ya mhusika na sifa aliyobandikwa. Ndiyo maana neno linalosimama kando ya majivuno katika anwani ya riwaya hiyo ni chuki isiyo na msingi, yaani kumhukumu mtu kabla ya kumjua.

Sasa turejee nyumbani. Je, Kiswahili kina nyenzo zipi za kufanya kazi hii? Kinazo, tena nyingi. Kauli ya kutendwa hubeba kiishio cha -w- na huweza kumtaja mtenda kwa 'na': 'Maksuudi anaheshimiwa na watu wa mjini.' Kauli ya kutendeka hulenga hali na kwa kawaida haimtaji mtenda: 'Maksuudi anaheshimika.' Vipo pia vitenzi vya -kan- kama vile 'onekana', 'julikana' na 'semekana'. Hivi ndivyo maficho makuu ya mtahiniwa asiyetaka kusema ni nani anayeona. Kisha ipo njia ya asili kabisa ya Mswahili, nayo ni kumtaja mwenye macho na kutumia kauli ya kutenda: 'Watu wa mjini wanamwona Maksuudi kuwa muungwana.' Sentensi hii haina madoido, lakini imesema yote.

Zaidi ya hayo, vitenzi vyetu vimebeba hukumu ndani yake. Linganisha: 'anajulikana kuwa mwizi', 'anadhaniwa kuwa mwizi', 'anashukiwa wizi' na 'anasingiziwa wizi'. Katika sentensi ya kwanza, wizi umechukuliwa kuwa kweli. Katika ya pili na ya tatu, haujathibitishwa. Katika ya nne, msemaji ameshatoa uamuzi: mtu huyu hana hatia. Mtahiniwa anayeandika 'anachukuliwa kama' mahali pa vyote hivi ameacha sokoni bidhaa nzuri na kurudi nyumbani na kikapu kitupu.

Hebu tupime nadharia hii kwa vitabu viwili ambavyo vimesomwa sana katika shule zetu. Katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, Maimuna anatawishwa nyumbani na babake, Bwana Maksuudi. Hatimaye anatoroka na kuishia kuimba katika baa. Tukisema 'anachukuliwa kama mwanamke aliyepotoka', tumeishia hapo. Tukiuliza 'na nani?', mlango unafunguka. Miongoni mwa wanaomwona hivyo ni watu wa tabaka la babake, na babake ndiye anayemwendea Kazija kwa siri, anayemtesa mkewe Tamima na kujitwalia heshima ya umma. Je, hakimu wa namna hiyo anafaa kuhukumu? Nyani haoni kundule. Papo hapo mtahiniwa amepata hoja kuhusu unafiki, kuhusu nafasi ya mwanamke na kuhusu dhamira ya mwandishi, kwa kujibu swali la maneno mawili.

Kitabu cha pili ni Kidagaa Kimemwozea (2012) cha marehemu Ken Walibora. Watahiniwa wengi huandika: 'Mwalimu Majisifu anaonekana kuwa mwandishi hodari.' Anaonekana kwa nani? Umma ndani ya hadithi unamsifu. Sisi wasomaji tunajua kwamba riwaya iliyompa sifa aliiiba kutoka kwa mswada wa Amani. Kuna macho mawili hapa, ya umma na ya msomaji, na pengo lililo kati yake ndilo kinaya. Mtahiniwa anayetumia 'anaonekana' bila kutaja mwenye macho amelifunika pengo hilo. Akiulizwa swali la kinaya katika ukurasa unaofuata, atahangaika kutafuta mfano aliokwisha kuuzika mwenyewe.

Katika riwaya hiyohiyo, Amani na Imani wanafungwa kwa ajili ya kifo cha mtoto aliyeachwa mlangoni, ambaye wao walimwonea huruma na kumtunza. Ukiandika 'wanachukuliwa kama wauaji', umesimama upande wa askari. Ukiandika 'wanasingiziwa mauaji', umesimama upande wa ukweli wa hadithi. Kitenzi kimoja kimebadilisha mhusika kutoka mshukiwa hadi mdhulumiwa.

Wapo watakaodai kwamba muundo wa 'anachukuliwa kuwa' umekwisha kukita mizizi, kwamba lugha hukua kwa kukopa, na kwamba hata magazeti huutumia. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatupendekezi muundo huu upigwe marufuku. Pale ambapo mwandishi mwenyewe anamficha mwenye maoni kwa makusudi, kama uvumi wa kijiji usiojulikana ulianzia wapi, kauli isiyo na mtenda ndiyo inayofaa kabisa, na mhakiki aseme hivyo waziwazi. Tunachopinga ni kuutumia kwa mazoea, pale ambapo kitabu kimetuonyesha mwenye macho lakini sisi tunamfumba.

Kwa hivyo, ndugu mwalimu, tunapendekeza mazoezi matatu darasani. Kwanza, kila mwanafunzi anapotaja sifa ya mhusika, aongeze chanzo chake: ni maneno ya msimulizi, ya mhusika mwenzake, ya mhusika mwenyewe, au ni matendo yake? Pili, mpe sentensi kumi zenye 'anachukuliwa', 'anaonekana' na 'anajulikana', azigeuze ziwe katika kauli ya kutenda. Asipoweza kumpata mtendaji kitabuni, arudi akasome tena. Tatu, achague kitenzi kimoja kati ya 'dhania', 'shuku', 'sifu', 'singizia', 'heshimu' na 'dharau', kisha aeleze kwa nini ndicho kinachofaa.

Nawe mtahiniwa, kumbuka kwamba mtahini hana haja ya kuambiwa mhusika 'anachukuliwaje' hewani. Anataka kujua ni nani anayemwona hivyo, kwa ushahidi gani, na kama mwandishi anakubaliana naye. Ukiyataja hayo matatu, umehakiki. Ukiyaacha, umerudia tu maneno ya jirani wa mhusika, naye jirani huyo huenda ndiye mwandishi alikusudia tumshuku.