Mkono uliochora seli za ubongo

Chukua kipande cha ubongo, kikate kiwe chembamba, ukiweke chini ya hadubini hivyo hivyo: utaona ukungu tu. Ukikitia rangi za kawaida, unaona kichaka kilichosongamana, matawi yamepitana hata hujui lipi ni la mti upi. Hapo ndipo mabingwa wa karne ya 19 walipokwama.

Mwaka 1873 daktari Mwitaliano, Camillo Golgi, alipata njia. Alikikaza kipande ndani ya dikromati ya potasiamu, kisha akakitumbukiza katika nitrati ya fedha. Fedha ikaingia kwenye seli chache tu, ikazijaza mpaka ncha za vitawi, zikaonekana nyeusi ti juu ya umanjano. Uzuri wote umo katika uchache huo: rangi ingeshika kila seli, kipande kizima kingekuwa giza. Lakini njia yenyewe ilikuwa kigeugeu, leo inakubali, kesho inagoma, na wengi hawakuishughulikia.

Santiago Ramón y Cajal, Mhispania, aliiona mwaka 1887 na hakuiachia tena. Utotoni alitaka kuwa mchoraji. Baba yake, tabibu, alikataa katakata, hata akampeleka kwa kinyozi na kwa fundi viatu akajifunze kazi. Mkono ule wa kuchora haukupotea. Huko Barcelona alitia fedha mara mbili badala ya mara moja. Tena akachagua vifaranga na vijusi, ambao nyuzi zao za neva bado hazijavikwa ala ya mafuta inayozuia rangi. Kwa hilo namvulia kofia: msitu ulipomshinda, alikwenda kwenye miche.

Tazama mchoro wake wa seli ya Purkinje, ile ya ubongo mdogo ulioko kisogoni. Mwili wake ni kama tunguu. Juu yake linapanda shina moja, linagawanyika, matawi yanagawanyika tena na tena, yote yametandazwa bapa kama upepeo. Wino umekolea shinani, ukawa mwembamba kila unapopanda, na vitawi vya mwisho vina vinundu vidogo kama miiba. Wengine walidhani vinundu hivyo ni takataka za rangi. Cajal alivichora, kwa kuwa aliviona kila mara.

Pembeni mwa seli kama hizo aliona nyuzi za seli jirani zikishuka na kuuzunguka mwili wa seli ya Purkinje kama kikapu kilichobeba yai. Alizifuata hadi ncha. Zinagusa, haziingii. Mwaka 1888 akaandika hivyo, katika jarida alilolianzisha mwenyewe: kila seli ina mwisho wake, na ubongo si wavu mmoja uliounganika, kama Golgi alivyoamini. Mwaka 1906 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel pamoja, na Golgi akatumia hotuba yake kuutetea wavu.

Katika miaka ya 1950 hadubini ya elektroni ilionyesha mwanya wenyewe kati ya seli na seli. Upana wake ni takriban milimita 0.00002. Hadubini ya Cajal isingeweza kuuona kamwe. Aliujua kwa kufuata kila uzi mpaka unapoishia.