Kulanti ya pwani: kuosha na kujaza upya rejeta ya gari la zamani

Dereva wa barabara ya Bagamoyo akiona geji ya joto inapanda, kitu cha kwanza anachokitafuta ni maji. Atasimama Kerege au Mapinga, asubiri injini ipoe, apewe dumu la maji ya kisima na wenyeji, ajaze rejeta na kuendelea na safari. Kwa siku hiyo amefanya sawa, kwani injini iliyokaukiwa maji haichukui muda kufa. Kosa huanza akifika nyumbani salama, akayaacha maji yale humo kwa miezi, kisha akawa anaongeza mengine ya kisima kilekile kila Jumamosi.

Makala haya yanachambua kazi ya kumwaga, kuosha na kujaza upya kulanti, ilivyofanyika uani kwa jirani yangu Magomeni, Bagamoyo, kwenye Toyota Corolla ya nusu ya pili ya miaka ya 1990 yenye injini ya 5A. Ni kazi ambayo mwenye gari makini anaiweza kwa spana chache, beseni na subira. Ila matokeo yake hutegemea jambo moja ambalo gereji nyingi hazilitilii maanani: maji gani yanachanganywa na kulanti.

Kulanti inatusaidia nini sisi tusio na baridi?

Kiini cha kulanti nyingi ni ethilini glaikoli, kimiminika kilichoanza kuuzwa kwa wenye magari wa Marekani mwaka 1927 ili maji ya rejeta yasigande wakati wa baridi kali. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu hugandia kwenye takriban nyuzi 37 chini ya sifuri. Bagamoyo hakuna anayelihitaji hilo. Ndiyo maana wengi husema kulanti ni ya Ulaya, huku kwetu maji yanatosha.

Usemi huo una ukweli wa nusu. Kwa kubeba joto, maji matupu huishinda kulanti: kuongeza joto la kilo moja ya maji kwa nyuzi moja huhitaji takriban kilojuli 4.2, na kwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu ni takriban 3.5. Kwa hiyo anayejaza kulanti tupu bila kuichanganya, akidhani anaipenda injini yake, anaipunguzia uwezo wa kupoa.

Nusu ya pili ya ukweli ndiyo inayosahaulika. Kifuniko cha rejeta cha magari mengi ya Kijapani kimeandikwa 0.9, yaani hushikilia shinikizo la takriban baa 0.9 juu ya lile la hewa. Chini ya shinikizo hilo maji matupu huchemka kwenye nyuzi 118 hivi, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu huvuka 125. Nyuzi hizo chache ndizo hukuokoa kwenye foleni ya Tegeta saa nane mchana.

Lililo kubwa zaidi ni kutu. Injini ya 5A ina bloku ya chuma na silinda hedi ya aluminiamu, na rejeta yake inaweza kuwa ya shaba au ya aluminiamu. Metali mbili tofauti zikikaa pamoja ndani ya maji yenye chumvi, umeme mdogo hupita kati yao na moja huliwa. Kulanti ina vizuia kutu vinavyokinga nyuso za metali hizo. Vizuia kutu hivyo huisha, hata kama rangi bado inang'aa. Kulanti iliyokaa miaka sita inaweza kuwa nyekundu kama siku ya kwanza na isiwe na kinga yoyote.

Adui yuko kisimani

Mwambao wetu umekaa juu ya mchanga na mawe ya matumbawe, mawe yaleyale yaliyojengea misikiti ambayo magofu yake yako Kaole. Maji yanayopita humo huyeyusha kalsiamu na magnesiamu. Visima vya karibu na bahari huongezewa chumvi, na mwenyeji huitambua kwa ulimi na kwa sabuni isiyotoa povu.

Kinachotokea ndani ya injini ni kile kinachofanyika kwenye mashamba ya chumvi ya Nunge: maji huondoka kama mvuke, chumvi hubaki. Tuchukue mfano wa kisima chenye gramu moja ya chumvi na chokaa kwa kila lita. Gari linalopoteza lita moja kwa wiki kwa njia ya mvuke, likaongezewa lita moja ya maji hayo kila wiki, litakuwa limekusanya zaidi ya gramu 50 ndani ya mwaka mmoja. Sehemu yake hubaki imeyeyuka na kula metali. Nyingine hugeuka gamba jeupe kwenye kuta za ndani. Aluminiamu hupitisha joto mara makumi zaidi ya gamba hilo, kwa hiyo hata utando mwembamba huzuia joto lisitoke.

Kulanti za Kijapani zina jambo moja zaidi la kuangalia. Nyingi hutumia fosfeti kama kizuia kutu, na fosfeti ikikutana na kalsiamu hufanya mashapo magumu. Mtu akinunua kulanti nzuri ya Toyota akaichanganya na maji ya kisima, amepoteza kinga aliyoilipia na ameongeza uchafu papo hapo. Maji ya bomba yanayotoka Ruvu ni afadhali, lakini nayo yana madini. Yanayofaa ni maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa madukani na vituo vya mafuta kama maji ya betri. Soma lebo kwa makini, kwani duka hilohilo huuza asidi ya betri katika chupa inayofanana nayo.

Uchunguzi kabla ya kumwaga

Kazi ilianza asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha. Hili halina mjadala: kifuniko cha rejeta ya moto hakifunguliwi. Maji yaliyo juu ya nyuzi 100 yakipoteza shinikizo hulipuka kuwa mvuke na kumbabua mtu uso.

Baada ya kufungua tuliangalia mambo matatu. Rangi ilikuwa ya kahawia, dalili ya kutu ya bloku. Hapakuwa na utando wa mafuta juu, na oili ya injini haikuwa na rangi ya maziwa. Injini ilipowashwa kifuniko kikiwa wazi, hapakuwa na mapovu yasiyokoma. Mapovu ya namna hiyo, au mafuta ndani ya maji, huashiria gasketi ya silinda hedi imeachia. Hapo kuosha rejeta hakusaidii, gari liende kwa fundi.

Kisha tulisogeza kitufe cha hita hadi mwisho wa upande wa moto. Pwani hakuna anayewasha hita, na kwenye magari mengi ya umri huu vali yake hukaa imefungwa mwaka mzima. Ndani ya kirejeta chake kidogo hubaki kulanti ya tangu gari lilipotoka Japani. Usipoifungua vali, uchafu huo utasubiri hadi umalize kazi, kisha uchafue kulanti mpya.

Hesabu ya kumwaga

Kizibo cha plastiki kilicho chini ya rejeta kilifunguliwa taratibu, maana plastiki ya umri huo hukatika kwa nguvu kidogo. Maji yaliyotoka tuliyapima, na kipimo hiki ndicho moyo wa kazi nzima. Mfumo wa injini kama hii tuuhesabie lita 6. Kwenye beseni zilitoka lita 3 hivi. Zilizosalia zilikuwa ndani ya bloku na kwenye hita. Bloku ina bolti yake ya kumwagia, lakini ilikuwa imeshikwa na kutu, na bolti ya namna hiyo haifai kulazimishwa. Ikikatika, umejitafutia kazi ya wiki.

Kwa hiyo kila ukimwaga, unaondoa nusu tu. Jaza maji, washa injini hadi mpira wa chini wa rejeta upate joto, zima, subiri ipoe, mwaga tena. Uchafu hubaki asilimia 50, kisha 25, kisha 12.5, kisha 6 na ushei. Subira ya kupoa haikwepeki, kwani maji baridi yakimwagwa kwenye silinda hedi ya moto huweza kuipinda au kuipasua.

Duru za mwanzo zilifanywa kwa maji ya bomba hadi yakatoka meupe. Wengi huishia hapo, wakamwaga na kujaza kulanti. Angalia hesabu yake: rejeta imetoa lita 3, lakini bloku bado ina lita 3 za maji ya bomba. Ukitia lita 3 za kulanti tupu, nusu ya mchanganyiko wako ni maji uliyotaka kuyakwepa. Sisi tulifanya duru mbili za mwisho kwa maji ya betri, lita 3 kila duru. Duru ya kwanza ilishusha maji ya bomba hadi nusu, ya pili hadi robo. Tulipomwaga mara ya mwisho na kujaza lita 3 za kulanti tupu, maji ya bomba yaliyosalia yalikuwa takriban robo tatu ya lita kati ya lita 6, na kulanti ilikuwa nusu kamili bila kubahatisha.

Ukinunua kulanti iliyokwisha kuchanganywa kiwandani, hesabu hii inabadilika. Ukiimimina juu ya lita 3 za maji yaliyobaki kwenye bloku utaishia na robo tu ya kulanti, kiasi kisichotosha kuzuia kutu. Kwa njia hii, nunua ile isiyochanganywa. Rangi isikuongoze, kwani kila mtengenezaji hujichagulia yake. Soma kilichoandikwa kwenye kopo, na usichanganye aina mbili, maana baadhi zikikutana hufanya ute mzito.

Nje ya rejeta tuliosha kwa maji ya mpira wa bustani, kutoka upande wa injini kuelekea mbele, ili vumbi na wadudu watoke walikoingilia. Pampu ya kuoshea magari hulaza mapezi ya rejeta na huweza kupasua matangi ya plastiki yaliyozeeka.

Themostati ibaki mahali pake

Baada ya kumwaga mara ya kwanza tulitoa themostati na kuichemsha ndani ya sufuria pamoja na kipimajoto. Ilianza kufunguka karibu na nyuzi 82 zilizochapwa juu yake, ikarudishwa na mpira mpya, kitundu chake kidogo cha hewa kikitazama juu.

Mafundi wengi wa pwani huitupa, wakisema nchi ya joto haiihitaji. Injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto lake, hula mafuta zaidi, na unyevu haukauki ndani ya oili. Tena kwenye injini nyingi za Toyota za miaka hiyo themostati ina kazi ya pili: ikifunguka, huziba njia ya mkato inayorudisha maji ya moto kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi na sehemu ya maji ya moto haipoi kamwe. Gari lililotolewa themostati ili lisichemshe linaweza kuchemsha kwa sababu hiyohiyo. Ikiwa mbovu, nunua nyingine. Kifuniko cha rejeta nacho kilibadilishwa, kwa kuwa mpira wake ulikuwa umekauka.

Kutoa hewa

Gari liliegeshwa pua ikiwa juu kidogo, kulanti ikamiminwa polepole huku mipira ikibinywa kwa mkono. Injini ilinguruma kifuniko kikiwa wazi hadi mapovu yakakoma, hita ikapuliza hewa ya moto na feni ikawaka na kuzima yenyewe. Chupa ya akiba ilijazwa kati ya alama mbili. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, iliongezwa kidogo, na siku zilizofuata iliangaliwa kabla ya kila safari. Kipimo cha mwisho kilikuwa kwenda Tegeta na kurudi: barabarani upepo husaidia, kwenye foleni feni hubaki peke yake. Geji haikutikisika.

Kilichobaki kwenye beseni

Ethilini glaikoli ni sumu, na ladha yake ni tamu. Kiasi cha kijiko cha chai kinaweza kuua paka, na huharibu figo za mtu. Mtoto akiinywa, apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri dalili, pamoja na kopo lenyewe. Ardhi yetu ni ya mchanga na visima vifupi viko karibu, kwa hiyo kulanti iliyomwagwa uani inaelekea kwenye ndoo ya jirani. Ya zamani, pamoja na maji ya duru ya kwanza ya kuoshea, tuliifungia kwenye madumu yaliyoandikwa SUMU, tukayaweka mbali na watoto na mbuzi, na bila kuyachanganya na oili chafu. Gereji iulizwe kwanza inapeleka wapi taka zake, kabla ya kukabidhiwa.

Kulanti nyekundu ya kawaida ya Toyota hubadilishwa kila baada ya miaka 2 au kilomita 40,000, litakalotangulia. Andika tarehe na kilomita kwenye karatasi, ibandike karibu na rejeta, na weka dumu la maji ya betri ndani ya buti ili ya kisima yabaki kuwa msaada wa dharura tu. Na likitokea la dharura, jaza ya kisima ufike nyumbani, kisha wiki hiyohiyo yaondoe kwa duru zilezile.