Heshima na Stara katika Mabishano ya Mavazi Bungeni

Tarehe 1 Juni, 2021, Bunge likiwa limeketi mjini Dodoma, mbunge wa Nyang'hwale, Hussein Amar, alisimama akalalamika juu ya mavazi ya baadhi ya wabunge wanawake, kisha akamwonyesha Spika mmoja wao, Condester Sichalwe wa Momba, aliyekuwa ndani ya ukumbi amevaa suruali. Spika wa wakati huo, Job Ndugai, alimwamuru mbunge huyo atoke, akavae vizuri, ndipo arudi. Wanawake wenzake walipinga, wakataka aombwe radhi. Mengi yamesemwa juu ya suruali ile. Machache mno yamesemwa juu ya lugha iliyoitoa nje, na yafaa lugha hiyo ipimwe, maana ndani yake mna kosa kubwa kuliko la fundi cherehani yeyote.

Neno linaloubeba ugomvi wote ni heshima. Asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ya kwanza ni haya, adabu na kujizuia. Lilipoingia katika Kiswahili lilipanuka, likawa pia sifa, daraja na ukuu ambao mtu hupewa na wenziwe. Kutoka hapo ndipo lilipozaliwa jina la Mheshimiwa. Umbo lake ni la kutendwa: Mheshimiwa ni mtu anayeheshimiwa, na watendaji wa tendo hilo ni watu wengine. Mwenye jina hakuombwa kufanya lolote zaidi ya kuchaguliwa.

Lakini upanuzi huo haukuwafikia watu wote kwa kipimo kimoja. Mtu akisema kwamba Bwana fulani ni mtu wa heshima, msikilizaji hufikiri cheo chake, umri wake, pengine na mali yake. Akisema kwamba fulani ni mwanamke wa heshima, fikira hukimbilia kwenye mwenendo wake na nguo zake. Vivyo hivyo katika kitenzi. Mwanamume asemwaye kwamba hajiheshimu huenda alilewa, au alipigana sokoni. Mwanamke asemwaye hivyo yatosha awe amepita njiani na sketi fupi. Hiki kiambishi -ji- ni kidogo, lakini kazi yake ni kubwa, kwani huwaondolea watu wengine wajibu wa kuheshimu na kumtwika mwanamke peke yake. Mbunge wa Momba aliingia ukumbini akiwa Mheshimiwa kwa maana ile pana, na alitolewa kwa maana ile nyembamba ya zamani, na hapana aliyetambua kwamba neno lilikuwa limebadilika kati ya kiti na mlango.

Atatokea mtu wa kujibu kwamba kila baraza lina kanuni zake za mavazi, na kwamba wanaume nao hufungwa nazo. Ni kweli, wala hapana ubaya baraza kuwa na kanuni. Tazama hata hivyo jinsi makosa yanavyotajwa. Kosa la mwanamume hutajwa kwa jina la nguo: hana koti, au amevaa fulana. Kosa la mwanamke hutajwa kwa kitenzi kubana. Kubana si sifa ya kitambaa, bali ni uhusiano wa kitambaa na mwili uliomo. Suruali ile ile yaweza kumbana mmoja na kumpwaya mwingine, hata aliyeipima dukani asijue ni ya namna gani. Kwa hiyo anayetaka kuthibitisha kwamba nguo inabana hana budi kuutazama mwili kwanza, na kuutazama vizuri. (Tai nayo hubana shingo, lakini haijapata kushtakiwa.)

Wapo wanaodhani kwamba sheria hizi za nguo ni urithi wa kale usioguswa. Historia ya pwani yakataa. Unguja, katika siku za utumwa, kujifunika kulikuwa alama ya waungwana, na wajakazi hawakuruhusiwa kujifunika kama wao. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa walijitwalia kanga, na baadaye buibui, wakajivika heshima waliyonyimwa. Hapo nguo ilikuwa dai la mwanamke mbele ya jamii. Methali nayo yasema mke ni nguo, mgomba kupalilia; ndani yake nguo ni haki ya mke na deni la mume. Ugeuzi wa kuifanya nguo kuwa deni la mwanamke kwa taifa zima ni wa juzi tu. Mwezi Oktoba, 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku sketi fupi, nywele za bandia, dawa za kujichubua na nguo za kubana, operesheni ianze tarehe 1 Januari, 1969. Siku hiyo haikungojwa. Mwezi ule ule wa Oktoba wasichana walisumbuliwa na magenge ya vijana Kariakoo, kwa jina la utamaduni.

Na kwamba suruali si kiini cha jambo kulionekana katika nchi jirani. Mwezi Februari, 2023, Seneta Gloria Orwoba wa Kenya aliingia katika Seneti amevaa suti nyeupe yenye doa jekundu, akiwatetea wasichana wanaoonewa haya kwa sababu ya hedhi. Suti haikubana wala haikuwa fupi. Aliambiwa atoke akabadili.

Limebaki neno stara, ambalo watetezi wa amri zile hulipenda sana. Kusitiri ni kufunika, lakini Waswahili hawakuliacha kwenye nguo. Mtu husitiriwa aibu yake. Aliyeona kosa la mwenziwe akanyamaza, au akamwita kando akamnong'oneza, husemwa kwamba amemsitiri. Kinyume chake ni kumwumbua, yaani kumfunua mbele za watu. Mwana Kupona, alipomwusia binti yake mambo ya mwenendo na mapambo katikati ya karne ya kumi na tisa, alimwita karibu kama mama amwitavyo mwana. Dodoma palikuwa na njia hiyo pia: karani angeweza kutumwa na kikaratasi. Badala yake mwanamke alionyeshwa mbele ya Bunge zima, na macho yote ya ukumbi yakaelekezwa kwenye mapaja yake, kwa jina la stara.