Dhahabu Isiyo Mahali Pake

Picha mmeziona, kama si ukutani basi kitabuni au kwenye simu, kwa hiyo sitazieleza moja moja. Ni zile za mchoraji wa Kiingereza, Hannah Rose Thomas: wanawake wa Kiyazidi waliotoroka mikononi mwa kundi la IS, Warohingya waliokimbilia Bangladesh, na wanawake wa Nigeria walionusurika mashambulizi ya Boko Haram na makundi mengine yenye silaha. Zimekusanywa katika kitabu Tears of Gold cha mwaka 2024, dibaji ikiwa ya Mfalme Charles III. Nyuso zimechorwa vizuri, mikono imetulia, na vile vitambaa vyeupe vya Kiyazidi vimechorwa vizuri kuliko vyote. Hayo tumeyamaliza. Nina neno na dhahabu.

Dhahabu iliyotandazwa nyuma ya vichwa vya wanawake hawa ni kosa, na nalisema mapema ili anayezipenda asije akadhani nitalainika mbele ya safari. Brashi haikuteleza popote. Mtu alikaa, akafikiri, akaamua, na akaamua vibaya. Kinachoniuma ni kwamba jibu sahihi alikuwa nalo mezani, amechorewa na wanafunzi wake mwenyewe.

Mwaka 2017 Thomas alikwenda Kurdistan ya Iraq akaendesha warsha kwa wanawake wa Kiyazidi waliotoka utumwani, akiwafundisha kujichora sura zao. Wengi hawakuwahi kushika penseli. Baadhi yao walijichora wakilia, na machozi wakayapaka dhahabu. Jina la mradi mzima limetoka hapo. Sasa lipime jambo hilo kiufundi, uweke huruma kando kidogo. Dhahabu ni chache. Iko sehemu moja. Ina sababu moja. Uso wote umebaki na rangi zake za kawaida, kwa hiyo jicho lako halina pa kukimbilia: linatua shavuni, linateremka na tone, linafika kidevuni likiwa limeshaelewa. Mwanamke ambaye hakupata somo hata moja la sanaa kabla ya warsha ile amefanya kile ambacho walimu wa uchoraji hupigia kelele miaka yote: kitu cha thamani kitumie mara moja, mahali kinapohitajika.

Ukija kwenye picha za mwalimu, dhahabu imepanda kutoka shavuni ikatanda nyuma. Imekuwa ukuta.

Najua alikoitoa. Thomas amesoma London katika shule ya sanaa za jadi iliyoanzishwa na Charles mwenyewe kabla hajawa mfalme, na huko mbinu za mabwana wa kale hufundishwa kwa mikono: tempera ya kiini cha yai, bluu ya lapis lazuli, dhahabu ya kubandika. Bluu ile ya lapis lazuli sina ugomvi nayo. Lakini dhahabu ina tabia zake, na anayeichukua hana budi kuzichukua zote. Ubao hupakwa tabaka za chaki na gundi ya ngozi, juu yake udongo mwekundu laini, kisha karatasi ya dhahabu nyembamba hata ukihema ovyo inaruka, kisha husuguliwa kwa akiki mpaka ing'ae. Ukimaliza, ulichonacho kinafanya kazi ya kioo. Hakina mwanga wake wala kivuli chake; kinarudisha mwanga wowote uliomo chumbani, na mtazamaji akisogea hatua moja nao unasogea.

Duccio, mchoraji wa Siena kule Italia, aliyajua hayo alipochora Maestà, picha ya altare ya kanisa kuu la mji huo, kati ya 1308 na 1311. Nyuso zake alizipanga zikubaliane na dhahabu: vivuli vyake ni vya adabu, haviangukii popote, na mwanga hautoki dirisha fulani la upande fulani. Watakatifu wake hawako chumbani, kwa hiyo hawahitaji dirisha. Thomas yeye anachora uso kama mchoraji wa leo. Mwanga unatoka upande mmoja, mfupa wa shavu unanyanyuka, chini ya kidevu pana giza, ngozi ina unyevu. Uso wa namna hiyo ukiubandika mbele ya dhahabu unapata picha yenye nuru mbili zinazogombana: moja iko usoni, ina saa na ina upande, nyingine iko nyuma, haijui saa wala upande. Uso unaonekana umekatwa mahali ukaletwa pale, kama mteja wa studio aliyesimamishwa mbele ya pazia lenye jumba na bustani huku viatu vyake vikiwa na vumbi la mtaani kwao.

Leon Battista Alberti, Mwitalia aliyeandika nadharia ya sanaa, alilimaliza suala hili mwaka 1435. Katika kitabu chake cha uchoraji aliwakatalia wachoraji dhahabu halisi hata pale wanapochora kitu cha dhahabu. Alitaka mng'ao uonyeshwe kwa rangi, kwa kuwa hapo ndipo ufundi unaposifiwa. Mimi nimekuwa nikimtaja Alberti katika safu hii mpaka mhariri amechoka, na nitaendelea kumtaja. Tukiwa tunazungumzia uchovu: picha yenye dhahabu ikipigwa picha na kuchapwa, dhahabu hufa. Inageuka manjano iliyopooza. Wengi wetu huku tumezionea kazi hizi kwenye kurasa na vioo vya simu, hivyo tumepokea ukuta bila hata ule mng'ao uliokuwa udhuru wake.

Ufundi tu ungekuwa kosa dogo. Kubwa zaidi ni kile kilichofutwa ili dhahabu ipate nafasi. Tarehe 3 Agosti 2014 IS walipoivamia Sinjar, eneo la Wayazidi kaskazini mwa Iraq, watu walipanda mlimani katika joto la Agosti bila maji, na wanawake na wasichana waliokamatwa kwa maelfu waligawanywa na kuuzwa. Mwaka 2016 Umoja wa Mataifa, kupitia tume yake, uliyaita mauaji ya kimbari. Warohingya zaidi ya 700,000 walivuka kuingia Bangladesh kuanzia Agosti 2017, wengi wakiishia kwenye vilima vya tope vya Cox's Bazar. Mlima mkavu, tope, na vijiji vya Nigeria: nchi tatu, vita vitatu, wauaji tofauti. Ukutani vyote vimepewa dhahabu ile ile. Ushujaa hufanyika mahali. Mwanamke alitoka mlango huu, akapita njia hii, usiku huu. Ukimwondolea mlango na njia, kilichobaki kwenye ubao ni uvumilivu, na uvumilivu wa wanawake ndio kitu ambacho dunia haijawahi kukosa kukisifu.

Hapo ndipo ninapokumbuka ugomvi wangu wa siku nyingi na kalenda za mashirika ya misaada: uso wa mama, macho makubwa, nyuma kumefifishwa kwa lenzi. Kambi haionekani, foleni ya maji haionekani, aliyemfukuza kwao haonekani kabisa. Dhahabu ya Thomas ni ya gharama zaidi na ina historia nzuri zaidi, ila kazi inayofanya ni ile ile ya lenzi.

Giotto, mchoraji mwingine wa Italia wa zama za Duccio, angeweza kumsaidia. Pale Padova, katika kikanisa cha Scrovegni alichokichora mwanzoni mwa miaka ya 1300, nendeni kwenye mauaji ya watoto wa Bethlehemu. Akina mama wale hawana duara la dhahabu. Nyuma yao kuna bluu na majengo, mbele yao kuna lundo la maiti za watoto, na mashavuni mwao kuna michirizi ya machozi iliyochorwa kwa brashi. Miaka mia saba baadaye machozi yale bado yanaonekana. Giotto hakuikataa dhahabu. Aliwapa watakatifu wake, ila huzuni ya mwanadamu aliiachia rangi.

Na kama Padova ni mbali, njooni Lubumbashi. Tshibumba Kanda Matulu, aliyesimulia historia ya nchi yake kwa Kiswahili cha Shaba, yaani Katanga, huku akiichora, alitoa takriban picha mia moja kati ya 1973 na 1974 kwa rangi chache na vitambaa duni. Alimwona Lumumba kama Yesu wa nchi yake, na angekuwa na kila kisingizio cha kumzungushia mng'ao kichwani. Alichofanya ni kumlaza Lumumba chini pamoja na Mpolo na Okito waliouawa naye, kisha mbali kwenye kilima akasimamisha misalaba mitatu. Utakatifu upo, hakuna asiyeuona, lakini umesimikwa kwenye ardhi ya Katanga na unajua nani aliua. Huyo ndiye fundi. Tangu atoweke miaka ya 1980 sijaona aliyemfikia, na msinitajie hawa wa siku hizi.

Nitajibiwa kwamba Thomas mwenyewe ameeleza dhahabu yake: ni thamani takatifu ya wanawake hawa, ambayo mateso hayakuweza kuiondoa. Nia naiheshimu. Wengine watasema Wayazidi huelekea jua wanaposali, kwa hiyo dhahabu ni jua lao. Jua lina upande linakochomoza. Dhahabu ile haina. Tena Wayazidi walichinjwa kwa kusingiziwa kwamba wanamwabudu shetani. Jamii iliyoteswa kwa ajili ya dini yake, ukitaka kuiheshimu, unaivalisha nuru ya aikoni za Kikristo? Wao utakatifu wao wanao. Wanawake waliporudi, Baba Sheikh, kiongozi wao wa kiroho, alitangaza wapokelewe kwa heshima, nao wakaenda Lalish kuoshwa kwa maji ya chemchemi takatifu. Lalish ni bonde, lina miti, lina mawe, lina yale mapaa marefu yaliyochongoka yenye mikunjo toka juu hadi chini. Mchoraji gani anapewa mandhari kama hayo, yenye maana hiyo, akachagua ukuta mtupu?

Picha zilizopo hatuwezi kuzichora upya. Anayeandaa maonyesho mengine ya kazi hizi, hata ya nakala tu, namwomba mambo mawili. Azime zile taa za kumulika zinazoelekezwa kwenye dhahabu, amulike nyuso. Na ile michoro waliyojichora wanawake wenyewe asiitupe kwenye korido kama kiambatisho. Aitundike ukuta wa mbele, kimo kimoja na picha za mwalimu wao, na ikibidi baadhi ya picha za mwalimu zipungue ili nafasi ipatikane.